Kamba ya Mama Sol kwenye Paa la Mfalme

Katika msimu wa kutia kimchi, ile kabichi ya pilipili inayochachushwa kwa ajili ya majira ya baridi, hakuna mwenye duka la vitoweo mwenye akili timamu anayefunga mlango siku ya kazi. Kabichi huja kwa malori, figili hulundikwa hadi dirishani, na simu haipumziki. Lakini asubuhi ile ya Novemba, jua halijapanda hata juu ya ukuta wa kasri, Mama Sol alishusha mlango wa chuma wa duka lake, akautia kufuli, kisha akaivuta kufuli kuhakikisha kwamba kweli amefunga.

Mumewe, Bwana Bang Gyutae, alikuwa amesimama nyuma yake na mkoba wa chakula begani.

"Mama Sol, kabichi zimo kwenye chumvi," alisema.

"Najua zimo. Nani alizitia?"

"Zikikaa humo mpaka jioni zitakuwa ngumu kama viatu."

"Basi utavaa. Kabichi nimezitumikia miaka yote hii, leo na zenyewe zinisubiri."

Alikuwa amevaa suruali ya shamba, kofia ya kitambaa na soksi mpya. Uso wake ulikuwa umeiva kwa furaha, kama wa mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Mimi nilikuwa nimepanga chumba juu ya duka lake tangu nimalize chuo, na sikuwahi kumwona akikosa utulivu namna ile. Alikwenda hatua chache, akarudi kuangalia kufuli, akaenda tena.

Jina lake hasa ni Tak Malsun. Majirani humwita Mama Sol kwa jina la bintiye, na wateja vijana humwita mama mdogo, kama tunavyomwita mwanamke yeyote anayetulisha vizuri. Duka lake liko mtaa wa Wonseo hapa Seoul, kwenye kichochoro ambacho upande mmoja kina nyumba zetu na upande wa pili kina ukuta wa Kasri la Changdeok. Anauza spinachi ya mafuta ya ufuta, dagaa wa kukaanga wenye utamu kidogo, mizizi ya yungiyungi, na kimchi za kila aina. Kila majira ya majani kupukutika, miti iliyo ndani ya ukuta humwaga majani mekundu na ya njano hadi mlangoni kwake, naye huyafagia akinung'unika: "Mfalme takataka ananiletea. Kunikaribisha, hapana."

Nyua za mbele za kasri alikwisha kuziona, alipomsindikiza Sol na wanafunzi wenzake zamani. Bustani ya nyuma ndiyo ambayo hakuwahi kuitia machoni. Watu huingizwa humo kwa makundi, kila kundi kwa saa yake, na tiketi za msimu wa majani mekundu humalizwa na wenye vidole vyepesi kwenye simu kabla Mama Sol hajapata miwani yake. Akipata nafasi, tiketi hakuna. Zikiwepo tiketi, kuna kabichi.

Mwaka huo mambo yakageuka. Ndani ya bustani ile kuna jaruba dogo la mpunga, ambalo wafalme walililima ili wasisahau wali unatoka wapi. Penye jaruba hilo kimesimama kibanda cha mapumziko, na katika kasri zima ndicho peke yake kilichoezekwa kwa mabua. Mapaa mengine yote ni ya vigae. Mpunga wa jaruba ukishavunwa, mabua yake ndiyo yanayorudi kuezeka kibanda. Safari hii watunzaji wa bustani waliwaalika wakazi wachache wa mitaa ya ukutani waje wasaidie. Wageni wangesokota kamba, na kamba ambayo fundi ataikubali ingefungwa juu ya paa na kukaa huko hadi mavuno yajayo.

Habari hiyo ilipofika kichochoroni, Mama Sol alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Akatuandikisha na sisi bila kutuuliza. Kuona bustani alikutaka, lakini kulikuwa na jambo alilolitaka zaidi, naye hakulificha: kamba ya mikono yake iwe juu ya paa lile.

Ili kuelewa kwa nini, lazima turudi Gimje.

Gimje ni uwanda wa kusini, mahali ambapo ardhi ni bapa na mpunga unakwenda mpaka unagusa mbingu. Baba yake Malsun alikuwa mwezekaji wa kijiji. Enzi hizo kila nyumba ilivuliwa mabua ya zamani baada ya mavuno na kuvikwa mapya, na kwa wiki nyingi mzee Tak alionekana juu ya mapaa tu, kama kunguru. Chini, watoto wote walisokota kamba za kufungia.

Malsun alikuwa na shoto. Bibi yake aliutibu mkono wa kushoto kwa mgongo wa kijiko, pigo moja kila ulipogusa chakula, mpaka mtoto akala kwa mkono wa kulia. Kwenye kamba dawa hiyo ilishindwa. Kamba ya mabua husokotwa katikati ya viganja: kiganja kimoja kinasukuma, kingine kinatulia na kupokea. Asukumaye kwa kulia, kamba yake hujipinda kulia, na hiyo ndiyo kamba ya kazi zote, ya kufungia mzigo, ng'ombe na paa. Asukumaye kwa kushoto, kamba yake hujipinda kushoto, na kamba hiyo kwetu haina kazi ya kila siku. Ni ya mlango wa mzazi. Mtoto akizaliwa, kamba ya kushoto hutundikwa langoni ikiwa imechomekwa pilipili nyekundu kama ni wa kiume, au mkaa na vijiti vya msonobari kama ni wa kike. Mgeni akiiona hugeuka na kurudi alikotoka. Pepo wabaya nao hupotea njia, kwa kuwa mpindo wake si ule waliouzoea.

Watu wazima waliisokota kamba ile kwa taabu, wakibishana na viganja vyao. Kwa Malsun ilitoka kama maji. Basi kila mwanamke alipojifungua, mtu alitumwa kwa mzee Tak kumwita yule msichana mwenye shoto. Alikaa uani kwa mzazi, akasokota, akapewa bakuli la supu ya mwani, ile wanayokunywa wazazi. Hupenda kusema kwamba amekunywa supu hiyo kuliko mkunga.

Lakini juu ya paa baba yake hakumruhusu.

"Paa halifungwi kwa kamba ya mtoto mchanga," alimwambia. "Na upepo wa hapa si wa kuchezewa. Ukichanganya ya kulia na ya kushoto, moja inakaza na nyingine inalegea. Siku utakayoniletea ya kulia, nitakupandisha ngazi mimi mwenyewe."

Hakupata kumletea. Wakati wa vigae vya saruji ulifika, kijiji kikavuliwa mabua yote, na mzee Tak akabaki na ngazi isiyo na paa la kupanda. Akaiuza. Malsun akaja Seoul kushona mashati kiwandani, akaolewa na dereva wa basi, akafungua duka. Baba yake akafa akiwa chini ya kigae cha saruji, akilalamika kwamba mvua ina kelele.

Ndiyo maana juma zima kabla ya siku ile nilikuwa nikimsikia kule chini, baada ya wateja, akisugua vitambaa viganjani na kujisemea, "Kulia, mjinga wewe, kulia." Nilipomuuliza anaendeleaje, aliniambia nikale.

Langoni tulimkuta wifi yake, Bang Gyuok, mdogo wa mumewe, mwenye saluni ya nywele mwisho wa kichochoro. Amejipamba kama anakwenda harusini.

"Wifi, hata poda?" alisema. "Unaingia kwa mfalme na uso wa kabichi."

"Mfalme kafa zamani. Nimpakie nani?"

"Utupakie sisi tunaokutazama."

"Ninyi mmeshazoea. Twende, watafunga."

"Watafunga nini na ndiyo kwanza wanafungua?"

Mama Sol alikuwa tayari ametutangulia. Njia ya bustani inapanda kidogo kati ya kuta mbili, kisha inashuka ghafla, na hapo bwawa la mraba likajitokeza lote kwa mara moja, na kisiwa chake cha duara katikati, na msonobari mmoja juu ya kisiwa. Kibanda kimoja cha vigae kilisimama ukingoni, nguzo zake mbili za mbele zimetumbukizwa majini kama mtu aliyekunja suruali. Juu ya kilima majani yalikuwa mekundu kiasi kwamba maji nayo yalikuwa mekundu. Mama Sol alisimama. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Kumbe ni msitu," alisema polepole. "Baba Sol, huu ni msitu. Miaka yote nimelala ubavuni mwa msitu nikidhani ni ukuta."

"Majani ulikuwa unafagia ya nini?"

"Nilidhani ni mti mmoja mkorofi."

Akaanza kucheka peke yake, akacheka hadi akashika mbavu, na sisi tukaambukizwa bila kujua tunacheka nini hasa. Tangu hapo hakutembea tena, alikuwa anakimbiakimbia. Aligusa gome la mti, akaokota jani, akalinganisha na jingine, akaliweka mfukoni, akalitoa. Alitaka kujua nani anafagia huku ndani, na wako wangapi, na kama wanapewa chakula cha mchana.

Mbele kidogo kuna lango lililochongwa katika jiwe moja. Wanasema apitaye chini yake hazeeki. Wifi Gyuok alipita, akazunguka nje, akapita tena.

"Mara ya pili ni ya magoti," alieleza.

Baba Sol alikataa kabisa kupita. "Mimi nibaki na sura hii hii mpaka lini? Acheni nizeeke, labda nitakuwa mzuri."

"Pita, kaka. Hiyo sura haiwezi kuharibika zaidi."

Mama Sol hakuwasikia. Alikwisha kupita bila hata kulitazama lango, macho yakiwa mbele, na alikuwa ameyaona mabua.

Kibanda kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani. Duka lake ni kubwa zaidi. Kilisimama chini ya kilima, karibu na kijito kinachopita juu ya mwamba, na mbele yake jaruba lilikuwa limekaushwa, visiki vya mpunga vimepangana safi. Paa lake la duara lilikwisha kuvuliwa mabua ya mwaka jana. Waezekaji wawili walikuwa juu wakitandaza mapya, ya rangi ya dhahabu, na harufu ya mabua ilijaa bonde lote. Mama Sol aliivuta kwa pua kama mtu anayeonja mchuzi.

"Gimje," alisema. Basi.

Mkuu wa kazi alikuwa Fundi Guk, mzee mwembamba mwenye bua moja mdomoni muda wote. Alituketisha kwenye mikeka, akampa kila mmoja mganda.

"Mnaoweza, sokoteni. Msioweza, jifunzeni kwa jirani. Nitapita kuvuta kila kamba. Ikishika, inapanda. Isiposhika, mtakwenda nayo nyumbani mkafungie masanduku. Na msizubae, maana kabla kundi la wageni linalofuata halijafika hapa, nataka paa liwe limefungwa."

Mama Sol alikaa, akabana ncha ya mabua chini ya kidole gumba cha mguu, akatemea viganja mate. Wiki nzima alikuwa amejiambia kulia, kulia. Lakini bua halisi lilipogusa viganja vyake kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hivyo, mikono ilikimbia kabla ya akili. Kamba ilianza kutoka. Iliteremka nyuma ya mgongo wake nyembamba, laini, sawasawa kila mahali, kama imetoka kwenye mashine. Sisi wengine tulikuwa bado tunachambua mabua. Mwanamke wa mkeka wa pili akaacha yake akamtazama. Watu wakatoa simu wakapiga picha. Wifi Gyuok akajitapa kwa kila aliyekaribia: "Huyo ni wifi yangu. Ndiyo, wa duka la vitoweo."

Macho ya Mama Sol yalikuwa yanang'aa. Nadhani hakuiona kamba yake hata kidogo. Alikuwa akiliona paa.

Fundi Guk alikuja. Akainama, akaiokota ile kamba, akaipitisha vidoleni, na bua la mdomoni likasimama.

"Dada," aliuliza, "hapa nani kajifungua?"

Mama Sol akatazama chini. Damu ikampanda usoni.

"Ya kushoto," alisema.

"Ya kushoto. Na nzuri mno, sijaiona nzuri kama hii tangu mama yangu afe. Lakini siwezi kuipandisha. Kule juu zote ni za kulia."

"Najua. Nilijua kabla wewe hujazaliwa."

"Basi ipeleke nyumbani. Mtaani kwenu hakuna anayetarajia mtoto?"

"Mtaani kwetu anayezaa ni paka tu," alisema Wifi Gyuok. "Na hata huyo tumemfunga uzazi."

Watu wakacheka. Mama Sol hakucheka. Baba Sol, ambaye alikuwa akila wali wa mwani kwa siri nyuma ya mti, alikuja mbio akifuta vidole.

"Tatizo nini? Imeelekea kushoto? Igeuze basi. Shika ncha hii iwe kule, ile iwe huku."

"Baba Sol."

"Nimeendesha basi miaka mingapi? Ukikuta umeelekea siko, unageuza." Akaichukua kamba, akaizungusha yote, akampa Fundi Guk kichwa kikiwa mkia na mkia kichwa. Fundi akaitazama. Bado ilikuwa ya kushoto. Baba Sol akaigeuza tena, polepole zaidi, akiichunguza kwa jicho moja, na ikatoka ya kushoto vilevile. Akaketi chini kabisa. "Haiwezekani," alisema. Akaendelea kuigeuzageuza peke yake.

"Kaka, ukimaliza kugeuza hiyo, igeuze na Seoul," Wifi Gyuok alimwambia.

Fundi Guk alikuwa ameshageuka kwenda. Mama Sol akamshika suruali.

"Fundi, zimebaki ngapi za kufunga?"

"Chache. Wamefika upande wa kilimani."

"Niachie moja. Fupi tu. Ya nyuma kabisa."

Fundi alilitazama paa, akamtazama yeye. "Ukiiwahi," alisema.

Akaanza upya. Sasa aliyatazama mabua kama mtu anayetazama mwiba kidoleni. Alisukuma kwa mkono wa kulia, na kamba ikakubali mizunguko miwili, mitatu. Kisha mkono wa kushoto, bila kuitwa, ukajitia kusukuma nao, na mpindo ukafumuka. Akaanza tena, na tena ukafumuka. Mabua yalimchana ngozi ya kiganja cha kulia, ambayo haikuwa na sugu kama ya kushoto. Juu, waezekaji walikuwa wakirusha kamba mshazari huku na mshazari kule, kama wavu, na kila iliyofungwa ilikuwa ikimpunguzia nafasi. Mtunzaji wa bustani aliyekuwa nasi alianza kuwaomba waliomaliza wakusanye vitu vyao.

"Siwezi," alisema Mama Sol. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei. Ndiyo iliyonishtua.

Wifi Gyuok alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni, tayari na neno. Nilimwona akilimeza. Akavua viatu vyake vya harusi, akaketi mkekani uso kwa uso na wifi yake, magoti yakigusana.

"Mkono wa kulia haujakosea kitu," alisema. "Nimekutazama muda wote. Huu wa kushoto ndio mbea. Hauwezi kuona jambo ukanyamaza."

"Sasa niukate?"

"Nipe mimi." Akauweka mkono wake mwenyewe chini ya mkono wa kushoto wa Mama Sol, akaushika kifundoni, akautuliza pale kama unavyomtuliza mteja anayetikisa kichwa wakati wa mkasi. "Sukuma wa kulia. Huu ninao mimi."

"Utaumia, kucha zako."

"Sukuma, wifi."

Akasukuma. Wa kushoto ukataka kuondoka, Gyuok akaukandamiza. Akasukuma tena. Mpindo ukashika, ukakaa, ukaongezeka. Kila Mama Sol alipohitaji bua jipya, Gyuok alilivuta kwa mkono wake uliobaki huru na kulichomeka, na hapo ulifanyika uvimbe, kwa sababu Gyuok hajawahi kuchomeka bua maishani mwake.

"Umetia mengi."

"Umeomba la nini kama hutaki?"

"Moja, Gyuok, si shamba zima."

"Usinifokee, nitauachia."

"Usiuachie."

Kundi zima lilikuwa limewazunguka. Hakuna aliyekusanya vitu. Hata mtunzaji wa bustani alikuwa amechuchumaa, na alipoulizwa muda, alisema bado kidogo, ingawa haikuwa kweli. Baba Sol aliiweka chini ile kamba yake ya mafumbo, akasimama nyuma ya mkewe akivuta kamba mpya taratibu kadiri ilivyotoka, kwa vidole viwili, kama anashika mkia wa kitu kinachoweza kuamka.

Ilipofika urefu wa mtu, Fundi Guk akaita kutoka kwenye ngazi: "Imebaki moja, dada. Moja tu."

Mama Sol akafunga ncha, akasimama, magoti yakimlia, akaibeba kwa mikono yote miwili mpaka chini ya ngazi. Ilikuwa mbaya. Sina neno jingine. Ilikuwa nyembamba hapa na nene pale, kama nyoka aliyemeza mayai, na mabua yamechomoza kila upande. Lakini ilikuwa ya kulia, yote, tangu mwanzo hadi mwisho.

Fundi Guk alishuka. Aliipokea, akaipitisha vidoleni. Kisha akaikanyaga ncha moja, akajizungushia ya pili mkononi, akavuta kwa mwili mzima. Akavuta tena, na safari hii akaning'inia kabisa, mguu mmoja hewani. Kamba ililia kidogo. Haikufumuka.

"Mbaya," alisema.

"Mbaya," Mama Sol akakubali.

"Lakini inashika. Ila mbele siiweki, kule ndiko wanakopiga picha. Itakaa nyuma, upande wa kilima."

"Mvua ya nyuma hainyeshi?"

"Inanyesha zaidi."

"Basi ni paa."

Fundi akacheka kwa mara ya kwanza, na bua likamdondoka mdomoni. Akaipitisha kamba juu ya mabua, akamwita: "Panda. Ya kwako utafunga mwenyewe."

Baba Sol alishika ngazi. Wifi Gyuok alimshika Baba Sol. Mimi nilishika simu, na picha zangu zote baadaye zilionekana kama mtu anayetikiswa, kwa kuwa nilikuwa natikisika. Mama Sol alipanda kwa soksi zake mpya, vidato vichache tu, kwani paa lenyewe lilikuwa chini. Kichwa chake kilipopita ukingo wa mabua alitulia kidogo. Hatukuuona uso wake. Tuliona mikono tu, ikizungusha kamba kwenye ufito wa ukingoni, ikipiga fundo, ikilikaza, ikilipapasa.

Akashuka, akajipangusa makapi, na mara akamkumbatia wifi yake kwa nguvu hivi kwamba poda yote ya Gyuok ikahamia kwenye fulana ya Mama Sol.

"Sasa umepaka," Gyuok alisema akiwa bado amebanwa.

Kundi la wageni linalofuata lilikuwa limeshafika, watu wa makamo waliovaa nguo za kupandia milima, wengi wao wakisema kwa lafudhi ya mikoa ya mashariki. Wote walijipanga mbele ya jaruba, kwenye majani mekundu na kibanda kipya cha dhahabu, simu juu. Mtunzaji wetu alianza kutuongoza kwenda nje. Mama Sol alikwenda pamoja nasi hadi kwenye daraja la jiwe, kisha akageuka.

"Dakika moja."

"Mama Sol," mumewe aliita.

Hakusikia. Alikuwa amemkamata mkono wa shati mzee mmoja mwenye fimbo ya kupandia milima, asiyemjua kabisa.

"Mzee wangu, samahani. Njoo na huku nyuma."

"Kuna nini huko?"

"Kuna paa."

"Hata huku kuna paa."

"La huku lina kamba yangu."

Mzee alimtazama mama huyu mwenye makapi kwenye nyusi, akamfuata. Mkewe akafuata, na wengine watatu waliodhani kule kuna kitu cha maana. Wakasimama upande wa kilimani wakiinua macho. Kamba zote zilikuwa zimelala sawia juu ya mabua, kila moja kama mwenzake.

"Ni ipi?" mzee aliuliza.

"Usiulize. Tazama tu, itajitaja yenyewe."

Wakatazama. "Ile yenye matuta?" alisema mke wa mzee.

"Hiyo hiyo."

"Mama yangu," alisema mzee. "Itashika kweli?"

"Fundi kaivuta kwa mwili mzima, hakuna kilichofumuka. Njoo mwakani kabla ya mavuno. Ukikuta imelegea, nakulisha kimchi bure mwaka mzima. Duka langu liko hapo nje ya ukuta, uliza kwa Mama Sol."

"Na nikikuta haijalegea?"

"Utanipigia makofi."

Mzee aliitazama ile kamba tena, akafuata kila uvimbe kwa macho kutoka juu hadi kwenye fundo. Kisha akaibana fimbo kwapani, akaanza kupiga makofi palepale.